Mama Kanyere na Port 3000

Mama Kanyere aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye bandari ya Kituku miaka makumi tatu. Herufi zilimushinda, lakini namba hapana: mitumbwi yote aliijua kwa namba zilizopakwa ubavuni. Na mutu akimwambia jambo haliwezekani, alimuomba aseme tena, polepole.

Asubuhi ile, nyumbani kwake Keshero, alimukuta mujukuu wake Daniella mbele ya ordinatere, kompyuta yake, mikono kichwani. Saa sita Papa Baharanyi, prezida wa chama cha wauza samaki, angekuja kuona ukurasa wa internet ambao Daniella alikuwa anawatengenezea, wa kuonyesha samaki waliofika. Ukigoma, kazi ingepewa mutu mwingine.

"Koko, port iko occupé," Daniella akamwambia bibi yake. "Imeshikwa."

"Port gani? Mimi natoka Kituku sasa hivi, nafasi iko mingi!"

Daniella akacheka bila kupenda. "Si ya ziwa, koko. Ni ya ndani ya mashini. Kila programu iko na port yake, na namba. Yangu inataka 3000, lakini programu ingine ya zamani imekaa pale."

"Sasa unalia nini? Mutumbwi wa mutu ukikaa pako, unaufukuza ao unasogea."

"Nilisogea. Niliweka 3001. Ukurasa unafunguka, lakini samaki hawaonekane."

"Na wenye kukutafuta, uliwaambia kama umehama?"

Mama Kanyere alijua anachosema. Siku moja alisogeza beseni lake hatua kumi tu, na wateja wakamungoja pa zamani mpaka jua likawa kali.

"Koko, hii ni mashini. Haina wateja."

"Onyesha."

Daniella akafungua faili ya kwanza: 3001. Akafungua ya pili. Mama Kanyere akasogeza uso karibu, maneno yote akayaruka, akatafuta namba tu. Kidole chenye harufu ya samaki kikagonga kioo.

"Na huyu 3000 anafanya nini hapa?"

Daniella akasoma pale kidole kilipogonga. Ulikuwa mustari wenye kuomba orodha ya samaki, na ulikuwa ungali unapiga hodi pa zamani. Akabadilisha tarakimu moja. Sambaza na tilapia wakajipanga kwenye kioo.

Papa Baharanyi alipofika, aliutazama ukurasa mara mbili. "Nani alikusaidia?"

"Koko."

"Eh, Mama Kanyere! Ulikuwa ingénieur tangu lini?"

"Tangu wakati ulikuwa unafunga mutumbwi pahali pangu bila kuomba. Weka signature kwenye mukataba wa mutoto kwanza, kisha ucheke."

Akaweka signature.