Kilo za Drusilla

Nyakerario alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona haya kwa hilo. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyanywa, hata yakitoka kwa ng'ombe wa mama yake na amemwona akikamuliwa. Ndizi za soko la Daraja Mbili alizigeuzageuza mpaka muuzaji akamuuliza kama amekuja kununua au kuposa. Lakini kwa mtu anayeandika programu za mitambo, tabia hiyo ni mali. Ndiyo maana Bwana Bipin, mwenye duka la kompyuta mjini Kisii, alimpa yeye kazi ya kuandika programu ya mizani ya majani chai.

Mizani ilining'inia katika kituo cha kukusanyia majani kule Gesima. Mkulima anagusisha kadi kwenye kisanduku kidogo, anatundika gunia, mizani inatulia, na kilo zinaingia kwenye jina lake. Karani wa kituo alikuwa Mathew, kaka yake Nyakerario, tumbo moja.

Basi kilo zikaanza kupotea. Zilimpotea Drusilla, ambaye wengi walimwita Mama Valentine, na ubaya wenyewe ni kwamba zilionekana kwenye jina la mzee Anyona, baba mkwe wake. Nani asingesema karani na mzee wana lao jambo? Watu walisema. Walimsema Mathew dukani, wakamsema baada ya ibada, mpaka mkewe akawa anakwenda kisimani saa ambazo wenzake hawapo.

"Kamati ya kituo inakaa Jumatatu," Bwana Bipin alimwambia Nyakerario. "Wakimwona karani ana hatia, anafukuzwa. Mimi nataka neno moja tu kutoka kwako. Mashine iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi ni karani." Akamtazama juu ya miwani. "Mashine haina ndugu, Nyakerario. Wewe unaye."

Maneno hayo yalimchoma. Kwa hiyo naye alikuwa anashukiwa!

Alikuwa ameijaribu programu ile chumbani kwake hadi akachoka. Ndani yake mlikuwa na kazi mbili zinazokwenda sambamba, ambazo wenye fani huziita nyuzi: uzi mmoja unasoma kadi, mwingine unangoja mizani itulie. Kwa kuwa zote mbili zinaandika mahali pamoja, lazima pawe na kufuli. Kadi moja ikishasomwa, kufuli linafungwa, na kadi ya pili haipokelewi mpaka kilo za kwanza ziandikwe. Kwenye kompyuta yake, inayotumia Windows, aligusisha kadi, akatundika mfuko wa sukari, akangoja, akagusisha nyingine. Haikukosea. Kisanduku cha Gesima kilitumia Linux, lakini programu ilikuwa ileile, kazi ya mikono yake. Akakata shauri kwamba mwizi ni Mathew. Alilia kwanza, kisha akapanga kwenda kumfumania.

Alikwenda Jumapili, kwa sababu Wasabato hawachumi Jumamosi na siku inayofuata kituo hufurika. Akajibanza nyuma ya nguzo, macho kwenye mikono ya kaka yake. Mikono ile ilishika magunia na ndoano tu. Kisanduku haikukigusa kabisa, wakulima waligusisha kadi wenyewe. Nyakerario akazidi kukodoa macho, akitafuta ujanja.

Zamu ya Drusilla ikafika. Aligusisha kadi, akatundika gunia lake. Nyuma yake mzee Anyona akakohoa, kama afanyavyo akitaka ajulikane amefika. Drusilla hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akajitenga upesi mpaka kwenye ua, gunia akaliacha likiyumba. Mkwe na baba mkwe hawabanani mahali pamoja, hiyo ndiyo chinsoni, desturi ya heshima ya Wakisii, na pale hakuna aliyehitaji kuelezwa. Foleni nzima ilitazama kando. Mzee naye, asitake kumwacha mkwewe amesimama uani kwa ajili yake, akafanya haraka, akagusisha kadi yake huku gunia la Drusilla lingali linayumba.

Kisanduku kikalia tii. Kimepokea!

Hakikupaswa kupokea, na sasa kilo za Drusilla zingeandikwa kwa jina la mzee. Nyakerario akatoka nyuma ya nguzo. Kule chumbani kwake hakuwa na mkwe wa kumpisha. Siku zote aliungoja mfuko wake wa sukari utulie.

Alikaa chini hapo hapo akafungua kompyuta. Windows ina amri zake za kufunga kufuli, Linux nayo ina zake, kwa hiyo aliandika sehemu mbili. Ile ya Windows ilikuwa kamili. Ile ya Linux aliianza jioni ambayo umeme ulikatika, akaweka mstari mmoja tu unaojibu kwamba kufuli limefungwa, ili aje kuimaliza kesho yake. Hakuimaliza. Kufuli halikuwepo, palikuwa na jibu tu. Na yeye, mnusa maziwa ya mama yake, hakurudi kuangalia.

Alimpigia Bwana Bipin simu mbele ya foleni. "Mashine haiko sawa. Kosa ni langu. Karani hana hatia." Kisha akaandika kilichokosekana, akakiweka kwenye kisanduku. Mzee Anyona akajaribu kadi kabla gunia la mbele halijatulia. Kisanduku kikakaa kimya. Watu wakacheka kwa raha, na Drusilla akasema kutoka uani, "Karani, unisamehe."

"Imepita, Mama Valentine," Mathew akajibu. Yeye hakucheka.

Kazi ilipokwisha ndugu hao wawili waliongozana kwenda kwa Mathew.

"Nilikuona nyuma ya nguzo tangu asubuhi," Mathew akasema. "Ulikuja kunivizia."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza hata siku moja, Nyakerario. Ningekwambia."

Nyumbani mke wa Mathew akamletea Nyakerario kikombe cha maziwa, akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua. Pua ikatangulia mdomo, kama kawaida yake.

Mathew alimwona. Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe, akanywa funda moja yeye kwanza, kisha akamrudishia.

"Sasa kunywa," akasema.