Kivuli cha Boti za Uokozi

Ukungu wa Mgeta una harufu yake. Ni harufu ya udongo mbichi, majani ya kabichi yanayooza mtaroni, na moshi wa kuni uliokosa pa kwenda ukaamua kulala juu ya mapaa. Masika ile nilikuwa darasa la sita, na kila Jumapili nilipanda na harufu hiyo nguoni hadi juu ya kilima, mahali pekee ambapo simu ya mjomba ilishika mtandao. Watu wa kitongoji walipaita Posta. Ungemkuta mtu ameegemea mfyulisi, kidole kimoja sikioni, anagombana na dalali wa mjini kuhusu viazi, na mwingine kainua simu juu kama anayekinga mvua. Waliponiona na mjomba walinipisha, maana walijua nasubiri simu kutoka baharini. Mmoja wao hakukosa kumtania mjomba kwamba amwombe dada yake atutumie jua kidogo, kwa sababu huko wanalo mpaka wanalikimbia.

Kweli walikuwa wanalikimbia. Mama alikuwa mhudumu kwenye meli kubwa ya watalii iliyozunguka visiwa ambavyo majina yake mjomba alishindwa kuyatamka. Alitandika taulo kwenye vitanda vya kuotea jua, akaziokota zikilowa, akatandika nyingine. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, nami nikaja kuelewa kwamba hata vikishaundwa kuna mtu anayevifuta kila asubuhi. Alinisimulia kwamba wageni hupanda meli wakilitamani jua, lakini siku ya pili ngozi zikianza kuwaka wote hutafuta kivuli, na kivuli melini ni adimu kuliko maji ya kunywa. Kando ya bwawa muziki hupigwa kutwa. Chini ya miavuli viti vimewahiwa tangu alfajiri: mtu hulaza kandambili zake kitini, yeye akaenda kunywa chai, na kandambili zikapumzika mpaka saa sita. Nilipomsimulia bibi habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Kumbe huko watalii ni viatu."

Lakini mama aligundua mahali. Ghorofa kadhaa chini ya bwawa kulikuwa na njia nyembamba iliyoizunguka meli, na juu ya njia hiyo zilining'inizwa boti za uokozi. Zilikuwa kubwa kama vibanda, na kuanzia saa nne kivuli chake kililala sakafuni bila kuguswa na mtu. Hapakuwa na muziki wala baa, ila viti vichache vya mbao na sauti ya maji yanayopasuliwa na meli. Mgeni aliyechoka akimwuliza, mama alimpeleka pale taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake chemchemi. Pale pale ndipo alipojiiba dakika kumi za kunipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo, na siku nyingine nilisikia upepo zaidi kuliko yeye. Viti vile vilikuwa vya wageni. Mfanyakazi alipita au alisimama, taulo mkononi, aonekane yuko kazini.

Katikati ya masika miguu ya bibi ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi. Zahanati walimpa dawa na kumrudisha nyumbani, na namna walivyomrudisha ilitwambia mengi. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mdomo wa ukoo ni mjomba. Habari ya mkubwa kuugua haitoki kinywani mwa mtoto. Tena hapewi mtu aliyesimama. Mtu huambiwa akae kwanza, akatandikiwa mkeka, akaletewa maji, ndipo neno likasemwa, ili magoti yakikataa asiwe na mbali pa kuanguka. Mjomba alilishika jambo hili kama sala. Aliwahi kuona mtu akiambiwa msiba akiwa kwenye matuta, akaporomoka nayo hadi bondeni. Kwa hiyo alinipa kazi. Mama akipiga nimwulize kwanza kama amekaa. Akisema amekaa, nimpe mjomba simu. Akisema amesimama, tuzungumze yetu na tusubiri Jumapili nyingine. Nilimwuliza kwa nini asimwambie tu akae. Akanijibu kwamba ukimwambia mtu akae umeshamwambia, na dada yake huko aliko akikaa anafukuzwa kazi.

Bibi mwenyewe hakuwa na subira hizo. Jioni moja alinishika mkono, vidole vyake baridi, akasema, "Akikaa tu, mjomba wako asirembe maneno. Mama yako aje nimwone." Mama angeweza kuja. Meli ilitia nanga bandarini kila baada ya siku chache, na aliyefiwa au kuuguliwa na mzazi aliruhusiwa kushuka. Ilibaki aambiwe tu.

Jumapili tatu nilimwuliza. Kila mara alisema, "Nimesimama, mwanangu. Sisi huku hatukai." Akauliza habari ya bibi, nami nikasema matope yamemzuia kupanda, jambo ambalo lilikuwa kweli. Tukazungumzia mtihani, mbuzi, mvua. Nilishuka kilima nyuma ya mjomba, na nyumbani bibi alinitazama usoni, kisha akageukia ukuta. Hakuna upweke unaofanana na wa mtoto aliyebebeshwa neno la watu wazima. Wenzangu waliniita kucheza rede, nikasema kichwa kinaniuma.

Jumapili ya nne simu iliita mapema, na kwa mara ya kwanza sikusikia upepo. Nikamwamkia, nikamwuliza. Akasema, "Leo nimekaa." Wageni wote walikuwa wameshuka bandarini, akavuta kiti kimoja chini ya boti, akanyoosha miguu. Alinieleza namna mbao zilivyokuwa na ubaridi mgongoni, namna maji yalivyorusha mwanga unaochezacheza kwenye tumbo la boti. Sauti yake ilikuwa ya mama wa zamani, yule aliyekuwa akinisuka nywele barazani. Nilimsikia akipumua. Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kiganja wazi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama amekaa.

Nikasema, "Amesimama."

Nilitaka mama awe na kiti hicho kwa dakika kumi tu, basi. Nikamsimulia habari za kabichi, kwamba mwaka huo zimefunga vizuri. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hakuna kingine. Nikamjibu kwamba hakuna. Bibi alifariki Alhamisi. Mjomba alimpigia mama siku hiyohiyo, bila kuuliza chochote, na mama alifika tukiwa tumeshamaliza matanga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi sikuumbuka. Niliishi na siri yangu salama kwa miaka mingi. Mwaka jana nilimwambia mama. Siku hizi mama anapika chakula cha wasafiri karibu na stendi ya Msamvu, na nilimkuta akichambua mchele. Nilieleza yote, kiganja cha mjomba na jibu langu. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukawa safi, ndipo akasema:

"Mluguru gani asiyejua maana ya kuulizwa kama amekaa? Zile Jumapili tatu nilikuwa nimekaa, sakafuni, nyuma ya kabati la taulo. Nilisema nimesimama kwa sababu niliogopa. Ile ya nne nikajikaza. Nikachukua kiti cha wageni, nikasema wanifukuze, lakini leo niambiwe. Ukanipa kabichi. Nikajua mama amepona, nikalala usingizi palepale."

Hakunilaumu. Angenilaumu, ningejua pa kuweka mikono yangu.

Leo mtandao unashika hadi jikoni kwa bibi, na Posta imebaki kilima. Mwezi uliopita mjomba mwenyewe alifariki, na nilizipata habari zake kwenye kundi la ukoo simuni, nikiwa kwenye foleni ya benki Dar es Salaam, katikati ya picha ya harusi na tangazo la kiwanja. Magoti yangu hayakutikisika. Nilisogea hatua moja mbele, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea, kisha nikampigia mama. Kwenye kioo cha simu niliuona uso wake wote, na yeye akauona wangu. Alikuwa ameshasoma. Tulitazamana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nipishe.