Zimwi la Ubaoni

Kaka yangu alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kwenye machimbo ya Geita, na mwili haukutoka. Kwetu Shinyanga msiba huisha kwa kunyoa nywele. Mama alikataa kunyolewa. Shangazi zangu walikuja na wembe, wakarudi nao.

Kilichompa mama jeuri ni ubao. Kaka alijifunza kuchonga picha parokiani Ushirombo: unachonga ubao, unaupaka wino, unaugandamiza kwenye karatasi. Mwenzake wa machimboni alituletea ubao wake wa mwisho pamoja na karatasi iliyogandamizwa juu yake. "Shikamoo mama. Aliviacha chini ya godoro," akasema, na chai hakunywa.

Mama akanisukumia. "Wewe ndiye msomi wa kidato cha nne. Nisomee."

Msomi mwenyewe safari yangu ndefu ni Kahama, na nilirudi siku hiyo hiyo kwa kuwakumbuka kuku.

Picha ilikuwa ya majabali ya kwetu, na nyuma yake kilima kilicholala kama ng'ombe aliyeshiba. Kilima kilikuwa na jicho. Ni lile zimwi la hadithi za bibi, lililomeza watu na mifugo hadi kijana mmoja akalipasua tumbo. Mdomoni kaka aliliwekea magogo, kama ya mlango wa duara.

"Waliomezwa walitoka wazima," mama akasema. "Ng'wanawane, mwanangu, nitafutie huyo kijana mwenye kisu."

Nikamtafuta. Ubao una sheria yake: palipochongwa hubaki peupe, palipoachwa hushika wino. Tumbo lilikuwa jeusi tupu, hakuna hata mtu mmoja ndani. Ila mbele ya mdomo palikuwa na doa jeupe la ovyo. Nikapapasa ubao: kishimo, kina chake kimezidi michongo mingine yote. Pembeni vilisalia ncha ya kisu na kisigino.

Ningeweza kudanganya, kumtuliza mama ndiyo ajira yangu pekee. Nikachukua kidole chake, nikakiweka pale.

"Alikuwepo," nikasema. "Kaka alimsimamisha hapa, kisha akamkwangua."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ni patasi ile ile iliyochonga picha yote."

Mama alizungusha kidole kishimoni, akazungusha tena. "Kumbe alijua hakuna wa kuwatoa."

Kisha akasema, "Nenda kawaite shangazi zako. Au na huko kwako ni mbali?"

Nilikwenda. Tuliporudi alikuwa ameketi mkekani, kilemba ameshakivua, ubao ameugeuzia ukutani.