Maua Begani mwa Mama

Mimi nauza karatasi na vifaa vya kuzikatia na kuzifungia, na katika wateja wangu wote hakuna anayenichosha kama shoga yangu Pambo. Jina hilo tulimpa mtaani kwa sababu hawezi kuona kitu kikakaa kitupu. Anatengeneza kadi za harusi na albamu za picha sebuleni kwake, na hata mlango wa choo chake una ua la karatasi. Kazi yake ni safi, nisije nikaambiwa namwonea kijicho. Kijicho ni chake.

Alikuwa anamwonea wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee. Mama yao anaishi na hao wawili, mitaa miwili tu kutoka kwa Pambo, na tangu miguu ianze kumsumbua, wifi ndiye anayemshika mkono. Pambo akiingia dukani, hata mkoba hajauweka chini, ameshaanza: "Jana eti Mama kamwita wifi 'mwanangu'! Mbele yangu! Mimi niliyetoka tumboni mwake nimekaa hapo kama mgeni." Nikimwambia aende basi akamwogeshe mama yake, ananijibu kwamba mimi sijui mambo ya familia za watu.

Kisha mama yao akaomba picha zake za miaka ya karibuni ziwekwe kwenye albamu moja nzuri, na aliyemwomba ni Pambo, si mwingine. Ungedhani sasa roho itatulia. Wapi! Alikuja dukani kifua mbele.

"Nataka kitu cha kukatia," akasema.

Nikamtolea mkasi mrefu, ule wanaoupenda watu wa albamu. Akausukuma pembeni. Nikamwonyesha mashine yenye mkono wa kushusha, inayonyoosha pembe za picha kumi kwa pigo moja. Akatikisa kichwa.

"Hiyo inajua kunyoosha tu. Nataka kinachopinda. Kipite kati ya shavu na sikio bila kugusa."

"Shavu la nani?"

"La picha. Wewe uza."

Nikampa kisu chembamba kama kalamu, chenye wembe wa kubadilisha, na ubao laini wa kukatia juu yake. Akakijaribu kwenye boksi tupu, akatabasamu. Mtu akiufurahia wembe namna ile, mimi husogea nyuma kidogo.

Kwenye kufunga ndiko tulikogombana. Nilimshauri achukue pete za chuma zinazofunguka, maana mama yupo hai, na picha zitaendelea kupigwa.

"Sitaki zinazofunguka. Nipe uzi wenye nta na sindano. Nikifunga, nimefunga. Asije mtu akachomeka ukurasa wake."

Nilijua mtu huyo ni nani. Gundi nayo alichukua ile ya fimbo, ya kupaka kwa kusugua. Nikamwambia haishiki juu ya picha, karatasi yake inateleza, ikikauka inabanduka. Akanijibu kwamba alianza kubandika maua kabla mimi sijajua kufungua duka. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamfungia mzigo wake.

Jumapili akanialika twende wote kuikabidhi. Nadhani alitaka shahidi wa ushindi wake. Tulimkuta mama amekaa dirishani, wifi amepiga magoti anamvalisha soksi, kaka mtu macho kwenye televisheni. Pambo akaitoa albamu mkobani, na hapo nilimeza maneno yangu yote. Jalada la kitambaa cha bluu, kona zimekaa sawasawa, mgongo umeshonwa kwa mishono midogo inayolingana.

"Wifi, mikono yako imebarikiwa," akasema wifi, na alisema kweli.

Mama akaisogeza karibu na macho. Picha ya kwanza alikuwa amesimama barazani, ua jekundu limekaa begani mwake. Ya pili anatoka hospitali, ua kwenye kiwiko. Ya tatu anakunywa chai, ua la njano mbele ya mdomo.

"Mbona nimeota maua mwili mzima?" Mama akacheka. "Hapa hata chai siioni. Nanusa ua."

Tukacheka. Pambo hakucheka, na wifi naye alikuwa ameacha kucheka. Mama akalikwangua ua la begani kwa ukucha, likabanduka zima, gundi ya fimbo ile. Chini yake kulikuwa na mkono. Vidole vinne na bangili nyembamba, umeishia kwenye kifundo, mwenyewe hayupo. Akabandua la hospitali: mkono uleule, umemshika kiwiko. La chai: mkono uleule, umeshika kikombe.

Shoga yangu alikuwa amemkata wifi yake kwenye kila picha, ila mkono haukutoka bila kumkata mama naye. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Pambo akaona aufunike maua.

"Wifi," akasema mwenye bangili, sauti imemshuka. "Hata ya hospitali?"

"Picha zilikuwa pana. Haziingii kwenye ukurasa."

"Umekata vizuri," mama akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Sasa njoo uangalie. Ukimtoa yeye, hapa niko peke yangu. Na hapa. Na hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Pambo akapasuka. "Nina wivu, Mama! Ndiyo, nina wivu! Unamwita mwanangu na mimi nimekaa hapahapa!"

"Wewe unakuja kukaa, mwanangu. Yeye ndiye ananisimamisha."

Pambo alilia bila kujifuta, wanja wake ukamwagika mashavuni. Mama akamwacha alie, kisha akaigonga albamu kwa kidole.

"Niongezee kurasa. Tutapiga picha nyingine, mkiwa wote wawili."

"Haifunguki, Mama. Nimeishona."

"Kwani aliyeishona ni jini?"

Pambo akatoa kile kisu mkobani. Lakini uzi wa mgongoni haukatwi na mtu mmoja. Lazima mwingine aubane mgongo na kuzishika kurasa, la sivyo zinachanika. Mimi nilikuwa mbali, naye kaka mtu aligundua jambo muhimu sana kwenye televisheni. Wifi ndiye aliyesogea. Akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kurasa, bangili na yote, akakandamiza. Hakumtazama Pambo usoni.

"Kata," akasema.

Kisu kikaingia kwenye uzi, karibu kabisa na vidole vyake, na Pambo akakata polepole.