Karata za Hoza na Rimu Zangu

Nakumbuka siku moja ya Alhamisi, mwanangu, siku ya soko hapa Lushoto, nilipomkuta Hoza amechuchumaa uani kwake mbele ya gurudumu, akisugua kwa msasa. Hoza ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa miti tu, na wakati ule sote wawili tulikuwa madereva wa teksi pale stendi. Magari yetu yalikuwa ya aina moja, rangi moja, hata rimu zilikuwa sawa: zile za aluminiamu ambazo ninyi vijana mnaziita rimu za spoti. Yote mawili yalitoka Tanga, na chumvi ya bahari ilishazila rimu za yote mawili kabla hazijapanda mlima. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kama ganda la kiazi kilichoiva kupita kiasi, na chini yake kulikuwa na unga mweupe. Nikamsalimu, nikapita, nikijisemea kwamba huyu leo hana abiria.

Baada ya siku chache nilitoka asubuhi na kikombe changu cha chai, nikatupa jicho upande wa pili wa ua. Rimu nne zilikuwa zinameta. Mwanangu, roho iliniuma, na sitaki kukupambia maneno. Iliniuma pale pale niliposimama. Injini yangu ilikuwa nzima kuliko yake, viti vyangu havikuwa na tundu hata moja, lakini nani hufungua boneti kabla ya kupanda teksi? Tangu siku ile abiria wakawa wanalifuata gari lake, na mimi nikiketi kwenye langu nikijifariji kwa usemi wa wenye kijicho: aliye juu mngoje chini.

Usione vyaelea, vimeundwa. Hoza alikuwa ametumia siku nne, na hakuficha alichofanya. Aliniita mwenyewe akaniambia, "Shekiondo, njoo na rimu zako nikuoneshe. Msasa umebaki, na rangi pia."

Nikamjibu, "Hongea sana, ila zangu hazina shida." Nilimshukuru kwa Kishambaa ili ionekane nasema kwa moyo, kumbe moyo ulikuwa umefunga mlango. Na rimu zangu wakati huo zilikuwa zinavuja upepo, kila baada ya siku mbili niko kwa fundi pancha.

Basi ikaja harusi ya Nuru, binti wa dada yangu. Unajua kwetu mjomba si mtu wa kuwekwa nyuma katika harusi ya mpwa wake. Lakini kamati ya harusi ikakaa, ikaamua kwamba maharusi watabebwa na gari la Hoza, kwa sababu linapendeza kwenye picha. Mimi, mjomba mtu, nikapangiwa kubeba wapishi na masufuria. Hata sasa ninapokusimulia, ile habari ya masufuria bado inanichoma kidogo.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usicheke. Wakati Hoza anapaka rimu zake nilikuwa nikimchungulia kupitia ua. Nilimwona ana karata, zile za kuchezea. Alizinunua sokoni akawa anazichomeka moja moja kati ya tairi na rimu, kuzunguka gurudumu zima, ili akipuliza rangi isishike tairi. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, nikalielewa vizuri kabisa. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, nikamwambia kwa sauti ya huzuni, "Mzee, sipendi kusema, lakini Hoza nimemwona na karata uani kwake. Tena si mara moja."

Nikaishia hapo. Hoza alikuwa akiimba besi katika kwaya yetu, na watu wetu wa usharika wakisikia karata wanasikia kamari. Sikusema uongo, mwanangu, nilisema ukweli nusu, nikamwachia mzee amalizie mwenyewe. Siku ya pili nikaletewa habari kwamba bibi harusi atapanda gari la mjomba wake. Hakuna aliyemwuliza Hoza neno. Naye alipoambiwa kwamba mipango imebadilika, alisema tu kwamba ni sawa, mjomba ndiye mwenye haki.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina rimu zilizooza na zimebaki siku tatu. Wa kumwuliza alikuwa mmoja tu, na huyo nilikuwa nimemharibia jina. Nikanunua msasa mkali kuliko wote dukani, nikasugua kwa hasira mpaka rimu zikajaa mikwaruzo. Sikuziosha mafuta ya breki. Nikapuliza rangi nzito kila mahali, nje na ndani, kwenye matundu ambamo nati hukaa, hata mgongoni ambapo rimu hulala juu ya chuma cha gari. Nilidhani hiyo ndiyo bidii. Na ule ulikuwa msimu wa ukungu, unaujua ukungu wetu, rangi ikagoma kukauka. Nikazipanga rimu kuzunguka jiko la mkaa kama wazee wanaoota moto. Nilipozifunga, rangi bado ilikuwa inapokea alama ya kidole.

Siku ya harusi ziling'aa, angalau kwa mbali. Bwana harusi alikuwa mtu wa Mtae, kwa hiyo baada ya ibada tulianza safari ndefu ya kumpeleka Nuru kwake. Mimi mbele na maharusi, Hoza nyuma yangu amewabeba mama yangu mzazi na dada yangu. Nilijaa furaha ya ajabu, ila haikuwa furaha ya harusi. Ilikuwa furaha ya kumwona Hoza kwenye kioo, akila vumbi langu.

Tulipokipita kijiji cha Lukozi nikaanza kusikia ko, ko, ko upande wa mbele kushoto. Usukani ukawa unatetemeka. Nikasema ni barabara, ile barabara yetu mbovu. Hoza akaanza kupiga honi. Akawasha taa, akazima, akawasha tena. Mimi nikaona jambo moja tu: anataka kunipita, aingie Mtae wa kwanza na rimu zake.

Nuru akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, anapiga honi sana."

"Mwache apige," nikamjibu. "Leo si siku yake."

Nikakanyaga mafuta. Mwanangu, kushoto kwangu kulikuwa na bonde ambalo ukitazama chini huoni mtu, unaona paa za nyumba kama punje za mahindi. Na mimi nikakanyaga mafuta, nimembeba mtoto wa dada yangu ndani ya shela, kwa sababu ya wivu wa rimu.

Hoza alinipita kwenye kona kwa kupandisha magurudumu mawili juu ya nyasi za ukingo wa mlima, kisha akasimamisha gari mbele yangu, akaziba njia. Nilifunga breki nikashuka ngumi zimekaza. "Una wazimu? Unataka kuniulia bibi harusi?"

Hoza aliinama kwenye gurudumu langu la mbele, akashika nati kwa vidole viwili, akaifungua kama kizibo cha soda. Kati ya nati tano, mbili zilikuwa zimeshaanguka njiani, na tatu zilizobaki zilikuwa zinachezacheza. Ile rangi yangu nzito ilikuwa imesagika chini ya nati, ikazilegeza. Nikakaa chini barabarani na suti yangu. Nuru alishuka, akatazama gurudumu, akatazama bondeni, kisha akanitazama mimi. Heri angelia.

Hoza akavua koti, akatoa jeki. Akafungua magurudumu yangu yote, moja baada ya jingine, akakwangua rangi kwa kisu kwenye matundu na mgongoni mpaka chuma kikaonekana, akayarudisha na kuyakaza. Nati mbili zilizopungua alizitoa kwenye magurudumu yake mwenyewe, moja hapa, moja pale. Wakati anatafuta spana kwenye sanduku lake la vifaa, alitoa kitu kilichofungwa kwa mpira akakiweka juu ya boneti. Mama yangu akakichukua, akakisogeza karibu na macho. Zilikuwa karata, na kila moja ilikuwa na rangi ya fedha upande mmoja.

Habari za karata zilishamfikia mama, kama zilivyowafikia watu wote. Akaniita kwa jina langu la utoto, akaniuliza, "Hizi ndizo ulizomwona nazo?"

"Ndizo, mama."

"Alikuwa akicheza na nani?"

Hoza ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Na tairi, mama. Nilizichomeka rangi isichafue mpira."

Mama akanigeukia. "Umeona cha mwenzio kinang'aa, ukashindwa kumwuliza alifanyaje. Kuuliza si ujinga. Ukaona heri umchafue yeye. Sasa tazama mahali ulipotufikisha." Akaonyesha kidole bondeni.

Nilimwomba Hoza amchukue Nuru kwenye gari lake. Akakataa. "Mjomba ni wewe. Nati zimekaza. Endesha polepole, mimi nipo nyuma yako."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulipofika Mtae, kabla ya chakula, nilisimama mbele ya wazee na ile kamati nikaeleza karata zilikuwa za kazi gani, na nani aliyejua tangu mwanzo. Baadhi walicheka. Mwenyekiti hakucheka, na Hoza alikuwa ameinamisha uso akitazama sahani.

Sasa nimesikia kwamba na wewe unataka kuzifufua rimu zako, umeona video kwenye simu, na umemwona mwenzako mtaani zake zinameta. Fanya, ni kazi njema. Osha kwanza kwa sabuni mpaka mafuta yaishe. Anza na msasa mkali, malizia na laini, wala usione uchungu kurudia. Puliza rangi nyembamba mara nyingi, si nzito mara moja. Matundu ya nati na mgongo wa rimu uvifunike, visiguswe na rangi hata tone. Na kwa ukungu huu wa kwetu, ziache siku kadhaa, kisha ukishazifunga na kutembea kidogo, kaza nati tena.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa huyo mwenzako ukamwulize. Mpe hongera yake kwa mdomo wako, hata kama itakukwama kooni. Sikwambii wivu utaisha. Mimi ni mzee, na Hoza akipita hapa bado macho yangu hutangulia kwenye magurudumu yake kabla ya kumtazama usoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Wivu utakuja, na ukija, usiupe usukani. Na ukiwa na nusu ya ukweli itakayomwangusha mtu, ama useme ukweli wote, ama uimeze.

Zile nati mbili nilimpelekea Hoza wiki iliyofuata. Alizikataa, akasema nitazihitaji. Gari nimeshaliuza, lakini nati ziko dirishani pangu, nimezing'arisha mwenyewe. Njoo uzichukue, ziwe zako.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na jicho linaloweza kutazama cha jirani likalala usingizi. Na siku mtu atakapokupigia honi nyuma yako, Mungu akupe moyo wa kusimama.