Nilikataa Pedi za Hibo Zianikwe Juani

Nimekosa, jamani. Nimekosa wala sina wa kumsingizia. Nimemharibia maisha mtoto wa dada yangu marehemu, mtoto niliyeachiwa kama amana. Nitamwita Hibo, ingawa si jina lake.

Mimi ni Mama Waberi, wa hapa Garissa. Hibo nilimchukua akiwa mdogo, baba yake akabaki Ijara na ng'ombe wake. Aliniita habaryar, yaani mama mdogo, na wallahi sikumbagua na wanangu.

Alipovunja ungo nikamnunulia pedi za duka. Joto letu mnalijua! Zile plastiki zilimchubua mapajani mpaka akawa anatembea ametanua miguu, shule hataki kwenda. Rafiki yangu wa Nairobi akaniambia kuna pedi za kitambaa, pamba asilia tupu, hazina kemikali, unafua unavaa tena. Nikaagiza.

Zikamfaa! Upele ukapona, msichana akacheka tena. Aliyeniuzia alisisitiza jambo moja tu: "Dada, ukishafua, anika juani zikauke kabisa." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kumbe sikio langu limeziba.

Siku moja natoka sokoni, nazikuta kambani! Katikati ya uwanja, ubavuni mwa vikoi vya mume wangu, na shemeji zangu wanaingia na kutoka. Nikazikwapua zote, nikamfuata chumbani.

"Huna aibu wewe? Unataka wanaume waone mambo yako?"

"Habaryar, nimezifua, ni safi."

"Nyamaza! Kaushia humu humu ndani."

Ndani wapi? Chini ya godoro! Mvua zikaanza, nyumba nzima ikawa unyevu, na yeye akawa anazivaa zikiwa mbichi. Akaja kuniambia, "Habaryar, zinanuka, na tumbo la chini linaniuma."

Sasa sikieni ujinga wangu. Nikawasha makaa, nikatia uunsi kwenye chetezo, ule udi wetu wa kunukisha nguo na nyumba, nikazifukiza! Nikamrudishia zinanukia kama nguo za bibi arusi. Nikamwambia, "Vaa, hiki ni kitu asilia, hakiwezi kukudhuru."

Akavaa. Mtoto mtiifu yule, laiti angenikaidi.

Homa ikampiga akawa anatetemeka, tumbo limekaza, hataki kuguswa. Tukamkimbiza hospitali, mimi na mume wangu, na baba yake akaja kutoka Ijara. Daktari akauliza mbele yetu sote: "Akiwa kwenye hedhi anatumia nini?"

Hibo akanitazama. Alikuwa ananingoja mimi, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kwamba hayo hayasemwi wanaume wakisikia.

Nikajibu, "Pedi za duka tu."

Ee Mola wangu! Daktari akaanza kuuliza mengine. Kama ana mwanamume. Kama amewahi kutoa mimba. Nilimwona baba yake uso ukimgeuka. Akamwinamia mwanawe pale kitandani, "Ilikuwa ya nani?"

"Aabo, baba yangu, wallahi sijaguswa na mtu!" Alilia mpaka sauti ikakatika. Na mimi nimesimama pale pale, neno lililokuwa limwokoe ninalo mdomoni, nikalimeza.

Baadaye nilimvuta muuguzi mmoja mwanamke koridoni, nikamnong'oneza ukweli, nikamsihi baba yake asiambiwe. Akasema vitambaa vibichi huenda ndivyo vilivyoanza, lakini kukawia kwangu kusema ndiko kulikomwumiza zaidi. Usaha ulikuwa umeshajaa tumboni. Wakampasua, wakamtoa kizazi. Mtoto wa sekondari, jamani! Hata mchumba hajawahi kuwa naye!

Baba yake alipoambiwa habari ya kizazi, akaona ndiyo ushahidi. Akamchukua Ijara, shule ikaishia hapo. Huko watu wanamwita mzinifu, na mimi ninajua, na nimenyamaza.

Juzi nilimpigia simu. Nikaanza kumuuliza hali, mifugo, mvua, maneno ya kujizungusha. Akanikata kwa upole. "Habaryar, aabo yuko hapa kando yangu. Nimpe simu umwambie."

Nikasema mtandao mbaya, sikusikii. Nikakata! Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Nikalia, halafu nikazitoa zile pedi zake alizoziacha, nikazifua, nikazianika kambani katikati ya uwanja. Mume wangu akapita akauliza ni nini. Nikamwambia, ni pedi za hedhi za Hibo. Akasema, "Sawa," akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Sawa! Basi! Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa muda wote ule. Niliketi chini pale pale kwenye mchanga.

Dada zangu, pamba haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Kama huna maji ya kutosha na huwezi kuzianika juani watu wakiona, usimpe mtoto, mtafutie njia nyingine. Zikinuka, usifukize, tupa! Na mtoto akikutazama mbele ya daktari, sema, hata kama ukoo mzima umejaa chumbani. Msingoje kama mimi, ambaye nimeweza kuwaambia ninyi nisiowajua, na baba yake bado sijamwambia.

Pedi zimekauka kau kule nje. Sina wa kumpa.