Injini ya Kushoto ya Earline

Jirani yangu Earline Thibodaux huwapeleka wageni kuvua kwenye vinamasi vya Louisiana kwa boti ya injini mbili. Maji yakipungua, lazima ainue injini zote kwa pamoja, la sivyo panga zinazosukuma boti husagika kwenye miamba ya chaza. Wiki moja injini ya kulia ilipanda upesi, ya kushoto ikajivuta.

"Unabonyeza swichi vibaya, mama watoto," mumewe Alcide alisema mbele ya wanaume gatini. "Au imezeeka pamoja nawe?" Wakacheka mpaka wakamwaga kahawa.

Hasira zilinipanda mimi, seuze yeye! Earline akapima mafuta ya pampu ya umeme inayoinua injini, yamejaa. Akafungua kifuniko cha betri ya injini ya kushoto, akakuta waya asioujua. Akaufuata mpaka kwenye friji ya bia ya Alcide humo botini, inanyonya umeme usiku na mchana.

"Mwizi wangu huyu hapa!" Akaung'oa, akachaji betri, injini zikapanda sawasawa.

"Na bia zangu je?" bwana akauliza, bila haya.

"Zinywe za moto!"

Kesho yake Earline alivuka miamba ya chaza na wageni wake bila hata kukwaruza. Alcide hajamwomba radhi mpaka leo.